Keki ya Chachu ya Kugawana: Mwongozo Kamili wa Siku Kumi

Kuna keki ambayo huwezi kuianza leo ukaila leo. Huanza na rojo la unga, sukari na maziwa lililochachuka, linalokaa jikoni siku kumi likikorogwa na kulishwa, kisha hugawanywa. Sehemu moja inaokwa, moja inabaki kwako iendelee kuishi, na zinazosalia huwaendea marafiki ili nao waanze siku zao kumi. Wajerumani huiita Hermann, Waingereza Herman, na Wamarekani huijua kama Amish Friendship Bread, ingawa kinachotoka kwenye oveni ni keki hasa, si mkate. Vipimo hutofautiana nyumba kwa nyumba, utaratibu ni ule ule.

Kuioka si kazi ngumu. Kazi iko katika kuifikisha chachu mikononi mwa mwingine ikiwa hai na ikiwa na maelezo yanayoeleweka. Misururu mingi hukatika hapo: mtu anakabidhiwa kopo la uji wenye harufu ya pombe, hajui lina umri gani wala linataka nini, na kesho yake linamwagwa. Kwa hiyo ugawaji nimeupa nafasi kubwa kuliko mapishi yanavyoupa kwa kawaida.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Hamira ni kuvu wadogo sana wanaokula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi pamoja na alkoholi kidogo. Ndiyo maana rojo linatoa viputo na kunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Pamoja na hamira wamo bakteria wa asidi ya laktiki, ambao hutoka kwenye unga wenyewe na hukua taratibu. Hao ndio wanaoleta ule uchachu wa mtindi. Asidi ikishaongezeka, vijidudu waharibifu hupata shida kustawi, na hapo ndipo maziwa yanaweza kukaa nje ya jokofu bila kuoza kama yangeoza yakiwa peke yake.

Sukari nyingi huvuta maji na kuifanya hamira iende polepole. Usitarajie rojo hili lipande maradufu kama donge la mkate. Viputo vidogo vinavyopasuka juu ukikoroga vinatosha kukuambia kwamba liko hai.

Vyombo

Tafuta bakuli la kioo, la kauri au la plastiki safi linalobeba lita 3. Chuma cha pua hakina tatizo lolote, kwa hiyo ile amri ya kutogusa chachu na kijiko cha chuma unaweza kuiacha. Vinavyofaa kuepukwa ni alumini tupu, shaba na chuma cha kawaida, kwa sababu asidi huvila na ladha inaharibika. Funika kwa kitambaa safi au kifuniko kilichoegeshwa tu. Usikaze kifuniko kamwe: gesi ikikosa njia, chupa ya kioo inaweza kupasuka. Osha mikono, bakuli na mwiko kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuanza, na mwiko uuoshe kila siku badala ya kuuacha umezama ndani ya rojo.

Mizani ya jikoni itakusaidia kuliko kikombe. Ukiwa na kikombe pekee, chukua cha kupimia cha mililita 240 na uhesabu kwamba unga wa ngano unaokijaza ni takriban gramu 125, sukari gramu 200.

Kuanzisha chachu kama hujapewa

Pasha mililita 100 za maziwa yaliyochemshwa au yaliyosindikwa hadi yawe vuguvugu, kiasi cha nyuzi 37, yaani ukichovya kidole usihisi moto wala baridi. Maziwa ya moto sana huiua hamira, na siku kumi zako zinaishia hapo hapo. Nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, acha dakika kumi hadi povu lianze, kisha changanya na gramu 100 za unga wa ngano na gramu 100 za sukari. Koroga hadi ulainike. Mabonge madogo yasikusumbue, yatayeyuka yenyewe kufikia kesho. Umepata takriban gramu 300, na hii ni siku ya kwanza.

Wapo wanaopenda kuanza bila hamira ya dukani. Inawezekana, ila ni njia ndefu na haianzi na maziwa. Changanya gramu 50 za unga, ikiwezekana usiokobolewa, na gramu 50 za maji. Kila siku bakisha gramu 50 za mchanganyiko huo na uulishe gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Siku ya pili au ya tatu huwa inafura ghafla, halafu inatulia kana kwamba imekufa. Huo mfuro wa kwanza kwa kawaida ni wa bakteria, hamira ya asili bado haijashika usukani, kwa hiyo usiitupe. Endelea kulisha. Kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili itaanza kupanda kila baada ya mlo kwa saa zilezile, na hapo unaweza kuipa sukari na maziwa na kuiingiza kwenye mzunguko huu. Ladha yake ina kina zaidi. Lakini kwa anayetaka kugawa chachu mara ya kwanza, naona hamira ya dukani ni njia ya uhakika, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Siku kumi

Siku uliyoianzisha au uliyoipokea ndiyo siku ya kwanza. Iache itulie mahali penye kivuli, mbali na jua la dirishani na mbali na jiko linalowaka. Joto la chumba la nyuzi 20 hadi 24 ndilo linaloifaa zaidi.

Siku ya pili, ya tatu na ya nne, koroga mara moja kwa siku hadi kufika chini ya bakuli. Ukikuta maji ya rangi ya manjano au kahawia yameelea juu, yachanganye tu. Ni maji na alkoholi yaliyojitenga, na kwa kawaida yana maana kwamba chachu ina njaa.

Siku ya tano ilishe: gramu 125 za unga, gramu 200 za sukari na mililita 240 za maziwa, yaani kikombe kimoja cha kila kitu. Koroga vizuri. Saa chache baadaye inapaswa kuchangamka. Siku ya sita, ya saba na ya nane, rudi kwenye kukoroga mara moja tu.

Siku ya tisa jioni ilishe tena kwa kiasi kile kile. Mapishi mengi huweka mlo huu wa pili siku ya kumi yenyewe, dakika chache kabla ya kugawa na kuoka. Mimi nashikilia usiku wa kuamkia siku ya kumi, kwa sababu chachu iliyolala na chakula chake inakuwa imeshaanza kufanya kazi, na rafiki anapokea kitu chenye viputo badala ya unga uliotoka kuchanganywa.

Siku ya kumi asubuhi utakuwa na takriban gramu 1,400. Gawa mafungu matano ya gramu 280 hivi, ambayo ni kama kikombe kimoja na kidogo: matatu ya marafiki, moja la kuoka leo, moja la kuanza siku ya kwanza upya.

Hizi siku si sheria. Chumba kikizidi nyuzi 28, chachu inakimbia, na kungoja siku kumi kunaweza kuifanya iwe kali kama siki. Punguza: ilishe siku ya tatu, ilishe tena siku ya tano jioni, oka siku ya sita. Au iache nje saa chache kisha iweke jokofuni usiku. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 18, ongeza siku moja au mbili na uitazame. Viputo na harufu vinajua zaidi kuliko kalenda, na hili ndilo jambo ambalo karatasi nyingi za maelekezo haziwaambii watu.

Kutambua nzuri na mbaya

Harufu ya pombe, ya tunda, ya mtindi au ya siki nyepesi ni sawa. Harufu kali ya kiondoa rangi ya kucha inasema tu kwamba chakula kimeisha. Ilishe nusu ya kipimo na isubiri siku moja. Rojo kuwa jepesi zaidi siku zinavyokwenda ni kawaida pia.

Ukiona ukungu wenye manyoya wa rangi yoyote, au michirizi ya waridi au ya chungwa, tupa yote. Usikwangue juu na kubakiza chini, kwa maana ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona. Vivyo hivyo harufu ya uozo, ile inayokufanya urudishe kichwa nyuma. Wajulishe uliowagawia kutoka bakuli hilo, hata kama lao linaonekana zima.

Usionje rojo bichi, na wazuie watoto wasirambe mwiko. Watu wengi hufikiria mayai peke yake, lakini unga mbichi nao unaweza kubeba bakteria wanaosababisha magonjwa, na ni joto la oveni linalowamaliza. Kama maziwa ya kukaa nje yanakutia shaka, au unawapikia wagonjwa, wazee au mama mjamzito, tumia maji badala ya maziwa katika kulisha na uweke maziwa siku ya kuoka tu. Keki haitapungukiwa na kitu kinachoonekana.

Keki yenyewe

Washa oveni nyuzi 170. Pakaa mafuta chombo cha duara cha sentimita 23 au 24, au vyombo viwili virefu vya mkate, na utandike karatasi ya kuokea chini.

Katika bakuli kubwa piga mayai 3 na gramu 120 za sukari hadi vipauke. Mimina mililita 160 za mafuta ya kupikia yasiyo na harufu huku ukipiga, kisha fungu lako la chachu la gramu 280 na kijiko kimoja cha chai cha vanila. Pembeni chekecha gramu 220 za unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha magadi soda, nusu kijiko cha chumvi na vijiko viwili vya mdalasini. Mimina vikavu juu ya vimiminika na ukunje kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane, halafu acha. Ukiendelea kupiga, utaamsha mnato wa ngano na keki itakuwa ngumu kutafuna.

Malizia na matufaha 2 yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo, na kiganja cha zabibu kavu au lozi zilizokatwakatwa. Tufaha linatoa maji yake ndani ya oveni, ndiyo maana sijaongeza maziwa. Ukiliacha, ongeza mililita 60 za maziwa. Ndizi mbivu zilizopondwa hukubali mahali pa tufaha, na karoti iliyokunwa pia.

Rojo liwe zito la kudondoka polepole kutoka kwenye mwiko. Limimine, lisawazishe, nyunyizia juu gramu 50 za sukari ya kahawia, na ukipenda dondoshea gramu 50 za siagi iliyoyeyushwa. Oka dakika 50 hadi 60 kwa chombo cha duara. Vile virefu vianze kuangaliwa dakika ya 40. Sukari ya ndani ya chachu hufanya uso uwe kahawia mapema, kwa hiyo ukiona umekolea kabla ya wakati, funika kwa karatasi ya foili bila kukaza. Kijiti kikichomekwa katikati kitoke bila rojo bichi. Iache ndani ya chombo dakika 15, kisha itoe ipoe juu ya waya.

Kama huna oveni, sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana inaweza kufanya kazi hiyo. Weka kigoda cha chuma ndani, pasha ikiwa tupu dakika kumi kwa moto mdogo, ingiza chombo cha keki kilichojazwa nusu tu, funika, na usifunue kabla ya dakika 45. Juu hapatakuwa na rangi nzuri, lakini ndani itaiva.

Swali linalokuja kila mara ni kwa nini tunaweka bekingi pauda ilhali chachu ipo. Jibu ni kwamba hamira iliyozingirwa na sukari na mafuta kiasi hiki haiwezi kuinua keki ndani ya saa moja. Chachu imeleta ladha, ulaini na unyevu unaodumu. Pia imeleta asidi, ambayo ikikutana na magadi soda hutoa gesi papo hapo. Kwa hiyo ukishachanganya usiondoke jikoni. Chombo kiingie ovenini mara moja.

Kuibadili keki unayoijua tayari

Huna haja ya kuoka keki hii hii kila mzunguko. Gramu 280 za chachu zinabeba takriban gramu 70 za unga, gramu 95 za sukari na mililita 115 za maziwa. Chukua mapishi yoyote ya keki ya mafuta au siagi unayoyaamini, toa kiasi hicho kwenye vipimo vyake, weka chachu, na ongeza robo hadi nusu kijiko cha chai cha magadi soda. Keki ya chokoleti inakubali sana uchachu huu, na ya limau vilevile. Zile zinazotegemea hewa ya mayai peke yake, kama sponji isiyo na mafuta, ziache. Rojo la chachu ni zito na linaibana hewa yote.

Kugawa

Kwanza omba ridhaa. Hesabu yenyewe ndiyo sababu: chachu moja ikizaa tatu za kugawa na moja ya kubaki, baada ya siku kumi kuna nne, baada ya mwezi zimekuwa 64, na baada ya miezi miwili zingekuwa 4,096 kama kila mmoja angetimiza. Haiwezekani kila rafiki awe na marafiki wengine watatu wasio na chachu. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba kuna baraka inayokatika au bahati mbaya ikiwa hataendeleza. Keki hizi zimesafiri sana na karatasi za vitisho vya namna hiyo, nami naona zinaharibu zawadi. Mwambie wazi kwamba anaweza kuoka fungu lote siku hiyo hiyo na kuishia hapo.

Tumia chombo chenye nafasi mara mbili ya chachu, au mfuko imara wa plastiki wa kufunga, ukitoa hewa kila gesi ikijaa. Mfuko una faida moja kubwa: badala ya kukoroga, mpokeaji anaubonyeza kwa mikono. Kama safari ni ndefu, ipoze jokofuni usiku kucha kabla ya kuondoka nayo.

Kisha karatasi. Andika kwa mkono unaosomeka, na usiandike "siku ya kwanza" bila tarehe, kwa kuwa hilo ndilo kosa linalowachanganya watu zaidi. Andika tarehe halisi ya kila hatua: korogo la kwanza tarehe fulani, mlo wa kwanza tarehe fulani, mlo wa pili, siku ya kuoka. Andika kilichomo: ngano, maziwa, sukari, hamira. Mwenye mzio wa ngano au maziwa lazima ajue kabla hajafungua. Ongeza vipimo vya kulisha, mapishi ya keki, dalili za kuharibika, na namna ya kukupata akikwama. Siku ya tano mtumie ujumbe mfupi kumkumbusha mlo. Wengi huokolewa na ujumbe huo.

Ni bora kugawa moja kwa mtu anayeitaka kuliko tatu kwa watu wanaokuonea haya. Yanayobaki yana kazi: fungu moja, yai moja, unga kidogo na nusu kijiko cha magadi soda ni pankeki nzuri za asubuhi.

Kuipumzisha

Jokofuni chachu hii hukaa wiki moja hadi mbili ikiwa imelishwa nusu kipimo kabla ya kuingia. Ukiitoa, iache ipate joto la chumba, ikoroge, na uhesabu kuanzia siku ya kwanza. Kwa muda mrefu zaidi igandishe: mafungu ya gramu 280 kwenye mifuko iliyolazwa bapa, yenye tarehe, hadi miezi mitatu. Sukari nyingi huifanya isigande kama jiwe, na hilo si dalili ya kuharibika. Iyeyushe jokofuni usiku mmoja. Sehemu ya hamira huwa imekufa kwa baridi, kwa hiyo mzunguko wa kwanza baada ya kugandishwa uwe wa kulisha tu, au oka fungu hilo moja kwa moja ukitegemea bekingi pauda.

Kukausha kunafaa kwa ile chachu ya unga na maji tu. Yenye sukari na maziwa hunata na haikauki vizuri. Ile ya unga na maji ipake nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, iache ikauke siku moja au mbili kwenye hewa, ivunjevunje, iweke kwenye chupa kavu. Kwa njia hii chachu inaweza kusafiri kwa bahasha. Mmarekani Carl Griffith aligawa bure chachu ya familia yake, iliyosimuliwa kuwa ilisafiri mwaka 1847 katika njia ya Oregon, ile ya walowezi waliohamia magharibi mwa Marekani, na baada ya kufariki kwake mwaka 2000 marafiki zake waliendelea kuituma ikiwa imekaushwa kwa yeyote aliyeleta bahasha yenye stempu. Kuifufua, loweka kijiko kimoja cha chai cha vipande katika kijiko kikubwa cha maji vuguvugu hadi vilainike, ongeza kijiko kikubwa cha unga, na ulishe kidogo kidogo kila siku hadi viputo virudi. Ipe siku tatu au nne kabla ya kuipa sukari na maziwa.